Vita vya Chanuo katika Nchi ya Lelemba

Nilikaa Lelemba siku kumi. Namna nilivyofika sitaieleza, maana njia ilikuwa ndefu na haina jambo, na wote waliowahi kufika huko walipotea mahali palepale nilipopotea mimi. Nitaandika niliyoyaona. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitatumia maneno ninayoyajua, na pale ambapo mambo yataonekana kama ya uongo, msomaji aelewe kuwa hata kwangu yalionekana hivyo.

Langoni kuna ubao mkubwa umeandikwa: KARIBU LELEMBA, NCHI YA AMANI. FAITI MWAKA HUU: NNE TU. Chini ya ubao alikaa askari ambaye jicho lake moja lilikuwa limevimba mpaka limefunga. Hatua chache kutoka kwake wanaume wawili walikuwa wakirushiana ngumi, mmoja kijana na mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, baba," kijana akasema, akampiga yule mzee ngumi ya taya.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akamrudishia ya pua.

Mimi si mtu wa kuanza mazungumzo na watu nisiowajua. Lakini damu ilikuwa inachuruzika.

"Baba," nikamwambia askari kwa sauti ndogo, "wale wanapigana."

Akageuza kichwa chote ili awaone kwa lile jicho zima. "Wapi?"

"Pale."

"Wale wanasalimiana."

"Huyu amemng'oa mwenzake jino."

"Hawajaonana siku nyingi," akasema. Kisha akaanza kukagua mizigo.

Mbele yangu kulikuwa na mtu mwenye mapanga mawili, rungu na mkuki. Askari akavipapasa, akasema, "Vyombo vya nyumbani. Pita." Ikafika zamu yangu. Mimi nilikuwa na kanga mbili, kipande cha sabuni, sindano na uzi, chupa ya mafuta ya nazi, na chanuo langu la mti ninalofanyia kazi ya kusuka. Askari aliposhika chanuo, uso wake ukabadilika rangi. Akapuliza filimbi. Watu wote waliokuwa langoni wakalala kifudifudi, hata wale waliokuwa wanasalimiana.

"Usisogee," askari akaniambia. "Dada, tafadhali. Nina watoto."

Nikapelekwa kwa Watunza Asili, na huko ndiko nilikoelezwa.

Watunza Asili ni ofisi kubwa kuliko zote katika nchi ile. Kazi yao ni kujua kila neno lilizaliwa wapi. Sheria ya kwanza ya Lelemba inasema kwamba neno haliruhusiwi kuwa na maana ambayo halikuwa nayo siku lilipozaliwa. Kwa watu wengi sheria hii haina madhara. Lakini zamani walipita wageni Waingereza, wakawaachia watu wa Lelemba neno lao la kupigana, neno faiti, na watu wakalipenda kwa sababu ni fupi na linasikika kama kofi. Watunza wakalichimba. Wakakuta kwamba kabla ya kuwa na maana ya kupigana, lilikuwa na maana ya kuvutana nywele, na kabla ya kuvutana nywele, kule mwanzo kabisa, lilikuwa na maana ya kunyonyoa sufu ya kondoo na kuichana. Kazi hiyo iliwachukua miaka ishirini na mbili, na walipoimaliza palichorwa picha kwenye ukuta wa baraza: watu wawili na kondoo katikati, na kondoo ana sura ya mtu aliyeonewa.

Tangu siku hiyo ngumi si faiti. Teke si faiti. Mkuki ukiingia ubavuni mwa mtu si faiti, ni kuelekezana. Mwaka mmoja kabla sijafika, nchi jirani iliwavamia na kuchoma vijiji sita, na kwenye vitabu vyao imeandikwa kwamba wageni walikuja kuwaelekeza. Hospitali yao nilipita, imejaa watu waliosalimiwa. Faiti ni jambo moja tu: chanuo kuingia kwenye nywele. Na kwa kuwa wao ni watu wa amani, hakuna anayechana nywele. Nimeona vichwa katika nchi ile ambavyo sitavisahau. Nimeona mtu ana kijiko kichwani, amekitafuta miaka minne.

Mtunza Asili Mkubwa alikuwa mzee mpole mwenye nywele timutimu zilizofika mabegani. Chanuo langu aliliweka juu ya meza, akalifunika na bakuli, akachukua kalamu.

"Kwenu mnakifanyia nini kitu hiki?"

"Tunachania nywele, baba."

"Lini?"

"Kila asubuhi."

Akaandika. "Na watoto?"

"Watoto wanachanwa kabla ya kwenda shule."

"Na nani?"

"Na mama zao."

"Na hulia?"

"Wanalia sana."

"Na mama akisikia mwanawe analia, anaacha?"

Nikafikiri nidanganye, nikashindwa. "Hapana, baba. Anampiga na kitana kichwani, anamwambia tulia."

Mzee akaweka kalamu chini. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Aliwaza kidogo, kisha akaniuliza mimi binafsi nimefanya faiti na watu wangapi. Nikamwambia nimesuka miaka minne, watu watatu au wanne kwa siku, Jumamosi na sikukuu zaidi. Akasimama wima, akanipigia saluti.

Hapo likazuka tatizo la mahali pa kunilaza. Haikufaa mtu kama mimi kulala karibu na watu wenye nywele. Wakajadiliana hadi saa tisa alasiri, wakakata shauri nipelekwe kwenye nyumba ambayo haina hata unywele mmoja ndani yake, na chanuo langu nirudishiwe, kwa kuwa hakuna ofisa aliyekubali kulala nalo.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene kiasi, kichwa chake kimenyolewa mpaka kinang'aa. Alikuwa amefiwa na mumewe siku nne kabla. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na baraza, kuta zimesiribwa udongo mwekundu kwa mkono, na kwenye kila ukuta alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana. Alinikaribisha kwa kunde na ndizi, hakuniuliza nimetoka wapi, akaniuliza kama nataka chumvi.

"Kula mwanangu, ushibe," akasema. "Nyumba hii ni yangu mpaka Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nikauliza Alhamisi kuna nini.

"Alhamisi nina faiti na shemeji yangu Songoro."

"Juu ya nini?"

"Juu ya hiki unachokalia, na hicho unachokiona juu yako." Akaonyesha paa.

Kisha akanieleza, huku akipepeta kunde za kesho yake. Kule mtu akifa, siku ya tatu mjane hunyolewa. Ni mila, na hakuna anayeikataa. Anayenyoa ni mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo wao ni Songoro. Alikuja asubuhi, analia kweli kweli, akamnyoa shemeji yake taratibu bila kumkata hata mahali pamoja, akampangusa kichwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Akasema pole. Akatoka, na ule wembe ukiwa bado mfukoni, akaenda moja kwa moja barazani kuandikisha kwamba nyumba ni yake.

"Na sheria inasemaje?"

"Sheria inasema ugomvi unaamuliwa kwa faiti. Asiye na nywele hawezi kufanya faiti. Pasipo na faiti hapana ugomvi. Na pasipo na ugomvi," akapeperusha maganda, "nyumba ni ya aliyeitaka."

Nikamtazama kichwa kama tunavyotazama kichwa cha mteja. Kwa siku tano zingeota kidogo tu, kama manyoya ya kifaranga. Chanuo lingepita juu kama linapita kwenye sahani.

"Yeye Songoro ni hodari?" nikauliza.

"Ni Bingwa wa Lelemba. Ameshinda mara saba."

Jumapili asubuhi Bingwa mwenyewe akaja. Alikuwa pande la mtu, kichwani ana msitu wa nywele uliotaka mlango wa peke yake, na kiunoni mkanda wenye mafundo saba, fundo moja kwa kila ushindi. Alikuwa na kamba ya kupimia.

"Hodi humu! Shemeji, hujambo? Umeshaanza kufunga vyombo?"

"Karibu, shemeji. Unapima nini?"

"Mlango. Kitanda changu kipana." Akapima, akaguna. "Itabidi tubomoe kidogo hapa. Usijali, mimi mwenyewe nitabomoa, wewe umefiwa, huna nguvu."

"Ahsante kwa kunifikiria."

"Si wewe ni ndugu yangu? Na kichwa kinaendeleaje? Kinapata baridi?"

"Kinapata upepo mzuri."

"Haya. Alhamisi njoo tu hivyohivyo, ukae dakika mbili, waandike, twende zetu. Hatutaki kuchoshana." Akacheka mpaka mafundo yakatikisika. Ndipo akaniona nimekaa pembeni, na chanuo mapajani.

Akarudi nyuma. Hakuruka wala hakupiga kelele, ila alirudi hatua tatu, na mkono wake ukapanda wenyewe kushika nywele. Mimi nimeona watu wakifanya vile mara nyingi. Ni wale wanaokuja kusukwa kwa mara ya kwanza. Mtu aliyezoea chanuo hawi hivyo.

Alipoondoka nikamuuliza Bi Mashavu, "Mama, hao saba aliowashinda ni akina nani?"

"Wajane. Wote wa ukoo wetu."

"Walikuwa wamenyolewa?"

"Ndiyo."

"Aliwanyoa nani?"

Bi Mashavu akauweka chini ungo aliokuwa ameushika. Nilimwona akihesabu kwa vidole, moja, mbili, mpaka saba, na kila kidole alichokishika alikitazama kama hajawahi kukiona.

"Kwa hiyo hajawahi kuchanwa," nikasema.

"Hajawahi kuchanwa," akasema. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi hata nikilijua hilo litanisaidia nini? Sina nywele."

Uani palikuwa na kondoo, jike mkubwa mwenye sufu nzito imejaa majani na miiba. Alikuwa amelala anacheua, hana habari na mtu. Nilimtazama mgongo. Kwetu nimetengeneza mawigi kwa nyuzi, kwa katani, hata kwa magunia ya viroba kwa ajili ya ngoma za harusi. Nikamwambia Bi Mashavu ninachofikiri, maneno machache tu, kwa sababu niliona aibu. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Mshike kichwa, mimi nashika miguu."

Kukata sufu hakukuwa na shida. Shida ilikuwa miiba, na kwa hiyo ilibidi kondoo achanwe kwanza. Nilipopitisha chanuo mara ya pili tu, jirani akachungulia juu ya ua.

"Jamani! Jamani njooni! Bi Mashavu anafanya faiti na kondoo!"

Katika muda wa kula muhogo mmoja ua ukajaa watu. Yule askari wa langoni akafika anahema, sasa macho yote mawili yamevimba, ikabidi aongozwe mkono.

"Nani ameanza?" akauliza.

Mimi nilikuwa natafuta ardhi inimeze.

"Kondoo," akasema Bi Mashavu.

Askari akaandika kwa kupapasa: kondoo ameanza. "Mnagombea nini?"

"Sufu yake. Mimi naitaka, yeye anaikataa."

"Sawa. Kondoo ana la kusema?"

Nilikuwa bado nimeshika chanuo, limekwama kwenye mwiba, na kwa woga nikalivuta.

"Meeee!" akasema kondoo.

"Amelia!" umati ukapiga kelele. "Amelia! Kashindwa!"

Maana ndiyo kanuni yao: wanachanana kwa zamu, na wa kwanza kutoa sauti ya maumivu ameshindwa, na kinachogombewa ni cha mwenzake. Askari akaandika karatasi, akaigonga muhuri, akampa Bi Mashavu. Ilisema kwamba sufu yote ya kondoo huyo ni mali yake halali, imepatikana kwa faiti. Mtu mmoja akaenda mbio langoni, na jioni ile ubao ulikuwa unasema: FAITI MWAKA HUU: TANO TU.

Siku tatu nilikuwa naosha, naanika, nachambua na kushona. Nilitengeneza kofia ya kitambaa imebana kichwa chote mpaka nyuma ya masikio, na kamba mbili za kufunga chini ya kidevu. Juu yake nikapachika sufu, kishada kwa kishada, kila kimoja mishono minne. Kisha nikaisuka mtindo ambao kwetu tunauita twende kilioni, mistari yote inakwenda nyuma, kwa sababu mwenye kichwa alikuwa na msiba na sikutaka asemwe. Jumatano Bi Mashavu akaivaa, akajitazama ndani ya ndoo ya maji.

"Nimekuwa msichana," akasema. "Nusu msichana, nusu kondoo."

Alhamisi baraza lilijaa. Watunza Asili walikaa kumi na mmoja kwenye benchi, na mbele yao vigoda viwili. Songoro alikuwa ameshafika, anapokea pongezi. Bi Mashavu alipoingia na mistari yake myeupe, watu wakaguna kama upepo unapita kwenye mahindi.

Songoro aliinuka. "Waheshimiwa! Yale ni manyoya ya kondoo!"

"Ni sufu," Bi Mashavu akasahihisha, "shemeji."

"Si nywele zake!"

Bi Mashavu akatoa karatasi yenye muhuri. Mtunza Mkubwa akaisoma, akampa Mtunza Mdogo, ambaye ni kijana mwembamba mwenye sauti kali. Mdogo akasema, "Hapa inasema sufu ni mali yake. Haisemi ni nywele zake. Nywele ni kitu kinachoota kichwani."

"Nywele ni kitu kilichoko kichwani," Mkubwa akasema.

"Hata kofia?"

"Kofia haichaniki."

"Hata kiota cha ndege?"

"Kijana, wewe una ndege kichwani?"

"Wawili," Mdogo akasema kwa hasira, "lakini hawahusiki!" Akamsalimia mkubwa wake kwa ngumi ya sikio. Mkubwa akaitikia. Benchi zima likasalimiana kwa muda mrefu, huku umati ukisubiri kwa heshima, na waliporudi kukaa wawili walikuwa hawapumui vizuri puani. Ndipo Mkubwa akauliza aliyelitengeneza jambo hili yuko wapi, ajieleze.

Nilisimama. Watu mia tano wakanitazama. Mimi, hata kuomba chumvi kwa jirani, narudia maneno njiani nisije nikakosea. Niliona nyuma yao ile picha ya ukutani, watu wawili na kondoo aliyeonewa, na kwa kuwa sikuweza kusema, nikainua chanuo nikaielekezea. Watu wa mstari wa mbele wakalala chini. Lakini Watunza wote kumi na mmoja wakageuka, wakaitazama picha yao.

"Ee," Mtunza Mkubwa akasema mwishowe.

Wakanong'onezana. Kisha akasoma hukumu: kwa kuwa neno faiti lilizaliwa mgongoni mwa kondoo, sufu ndiyo nywele ya kwanza na ya halali kabisa. Bi Mashavu ndiye mtu wa kwanza tangu nchi iwepo kuja barazani akiwa amevaa ipasavyo. "Ama nywele za Bwana Songoro," akaendelea, "hizo ni za baadaye, na asili haizitambui. Lakini kwa kuwa hana nyingine, baraza linamhurumia na kumruhusu azitumie."

Songoro alikuwa mlalamikaji, kwa hiyo alianza yeye kuchana. Alipewa chanuo la baraza, jeusi, lenye meno kama ya reki. Akalishika kwa ncha za vidole. Akalitia kwenye sufu, akavuta.

Bi Mashavu alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri chai.

Akavuta tena kwa mikono miwili. Mshono ulilia, mimi nikafumba macho, lakini kamba zilishika.

"Shemeji," Bi Mashavu akasema, "shuka kidogo. Hapo kushoto. Panawasha tangu jana."

Umati ukaanza kucheka. Songoro akaweka mguu kwenye kigoda, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

"Hapohapo! Aa—" Moyo wangu ukasimama. "Ahsante," akamalizia. "Umenisaidia sana."

Mwamuzi, aliyekuwa ameweka sikio karibu, akatikisa kichwa. Haikuwa sauti ya maumivu. Zamu ikahama.

Bi Mashavu akainuka, akajipangusa mikono, akamzunguka shemeji yake. Alisimama nyuma ya ule msitu na kuutazama, na nadhani kicheko kilimtoka kabisa kwa wakati huo, maana nilimwona akimeza mate. Ilikuwa nyumba yake yote, na alama za vidole vyake, ndani ya mkono mmoja.

"Shemeji," akasema kwa upole, "ulininyoa vizuri sana. Hukunikata hata mahali pamoja. Na mimi nitajitahidi."

Akaingiza chanuo.

Hakuvuta. Nataka niseme kweli, kwa sababu baadaye walisema alivuta kwa uchawi. Aliingiza tu, likakwama pale lilipokwama, na Bingwa wa Lelemba, mshindi mara saba, akaachia sauti iliyowatoa wale ndege wawili kichwani mwa Mtunza Mdogo.

"Mama yangu weeee! Toa! Toa! Chukueni nyumba! Chukueni na kitanda!"

"Kitanda sikitaki," Bi Mashavu akasema. "Hakipiti mlangoni."

Wakati watu bado wanagaagaa kwa kicheko, mwanamke mmoja, mmojawapo wa wale wajane saba, akasimama nyuma kabisa. Kichwa chake kilikuwa na nywele zilizoota upya, na sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu. Akauliza kama faiti yake ya mwaka juzi ilifanyika au haikufanyika.

Mtunza Mkubwa akafungua kitabu. "Haikufanyika. Hukuwa na nywele."

"Kwa hiyo Songoro hakunishinda."

Mtunza akatazama kitabu, akatazama ukuta. "Hakukushinda," akakiri.

"Basi nina nywele sasa."

Wajane saba walipanga mstari palepale. Wa kwanza alimchana Songoro mara moja. Wa pili alimgusa sikio. Wa tatu alionyesha chanuo tu, na wanne waliobaki hawakuhitaji hata kuinuka, Songoro mwenyewe alikuwa akiita jina la kila mmoja na kulia. Kabla ya saa ya chakula nyumba saba zilikuwa zimerudi, na mkanda wa mafundo ulibaki sakafuni, watu wanaupita.

Usiombe kuona nchi ikigeuka kwa siku tatu. Ijumaa asubuhi nilipofungua mlango, njia yote mpaka kisimani ilikuwa wanawake. Wengine walikuwa wamenyolewa jana yake, vichwa bado vina mkwaruzo. Kila mmoja alikuwa amemkokota kondoo wake, na waliokosa kondoo walikuja na mbuzi, wakauliza kwa woga kama asili inamtambua. Nilishona mpaka vidole vikavimba. Bi Mashavu na wale saba wakajifunza, wakashona na wao, na waliweza kuliko mimi. Mlimani tuliwaona wakubwa wa koo wakiwaswaga kondoo kwenda kuwaficha, wanaume wazima, wanakimbia nyuma ya mikia. Ubao wa langoni ulifika FAITI MWAKA HUU: MIA MOJA NA TATU, na aliyekuwa akiubadilisha akaacha neno "tu".

Jumapili alasiri Mtunza Mdogo alikuja na nyundo na tangazo, akaligongomea kwenye nguzo ya baraza ya Bi Mashavu. Tulikuwa tumekaa hapo wanawake kumi na tisa, tumemaliza kofia ya mwisho, na mwenye kofia hiyo alikuwa ameshakwenda kuitumia na kurudi. Nikasoma tangazo polepole. Lilisema kwamba wakubwa wa koo zote wameomba, na Watunza Asili wamekubali, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi asili ya neno faiti itabadilishwa. Nyumba zilizokwisha kuamuliwa zitabaki zilivyoamuliwa.

"Baba," nikamwambia, na nilishangaa kuisikia sauti yangu inatoka bila kusukumwa, "itakuwa asili gani?"

"Bado tunaitafuta." Alikuwa amechoka, na bila wale ndege kichwa chake kilionekana kidogo. "Usiku na mchana tunaitafuta. Ila tumeshakubaliana jambo moja. Haitakuwa na kondoo ndani yake."

Bi Mashavu alikuwa amekaa kizingitini, kichwa wazi, ile sufu ameitundika msumarini ipigwe na upepo. Alimsogezea yule kijana kigoda, akamkabidhi kikombe cha uji.

"Kunywa kwanza, mwanangu," akasema. "Itafuteni taratibu, msije mkakosea. Sisi tumeshaingia ndani."